Samaki wa Rangi kwa Bwawa Lenye Joto Katika Kitalu Nyumba: Tazama Mgongo Kabla ya Ubavu

Mtu anayejenga bwawa dogo ndani ya kitalu nyumba na kulifungia hita huwa ameshaamini jambo moja: kwamba baridi ikishaondolewa, samaki yeyote mwenye rangi nzuri atafaa. Imani hiyo ndiyo inayozaa maswali yanayorudiwa kila mara na wafugaji wa samaki wa mapambo. Kwa nini koi, wale karpi wa rangi, wanahema juu ya maji ilhali maji ni maangavu? Kwa nini gapi, samaki wadogo wa tropiki, waliokuwa na mikia ya buluu yenye kumetameta sasa wanaonekana wa kijivu tu? Kwa nini samaki waliostawi kwa miezi mingi walikufa wote usiku mmoja hita ilipozimika? Majibu yanapatikana katika mambo mawili ambayo ni wachache wanaoyauliza mapema: maji hayo hushuka na kupanda hadi joto gani, na samaki huyo ana rangi gani mgongoni. Rangi ya ubavuni, ile inayomvutia mnunuzi mbele ya kioo cha duka, inapaswa kufuata baada ya hayo.

Kitalu nyumba ni jengo lenye kuta na paa la kioo au plastiki angavu, linaloruhusu mwanga kuingia na kuzuia joto lisitoroke upesi. Bwawa lenye joto ni lile ambalo maji yake huongezewa joto kwa hita ya umeme, kwa mabomba ya maji moto au kwa nishati ya jua, ili yasishuke chini ya kiwango alichokikusudia mwenyewe. Kiwango hicho kinaweza kuwa nyuzi 12 za Selisiasi kwa anayetaka tu kuepuka barafu, au nyuzi 26 kwa anayetaka yungiyungi wa tropiki. Tamaa hii ya pili si ya leo: mwaka 1849, huko Chatsworth nchini Uingereza, mtunza bustani Joseph Paxton alifanikiwa kulichanua yungiyungi kubwa la Amazoni ndani ya jengo la kioo lenye maji yaliyopashwa moto, na tangu hapo mabwawa ya namna hiyo yamekuwa fahari ya bustani nyingi za mimea. Lakini samaki anayestawi katika nyuzi 12 huteseka katika nyuzi 26, na wa nyuzi 26 hufa katika nyuzi 12. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni samaki gani, ni lazima kujua ni bwawa gani.

Joto la hewa si joto la maji

Kosa la kwanza ni kusoma kipimajoto kilichoning'inizwa ukutani na kudhani kwamba kinaeleza hali ya samaki. Hewa ya kitalu nyumba hupanda haraka jua linapowaka, hata ikavuka nyuzi 40 mchana wa kiangazi, kisha ikashuka kwa kasi usiku. Maji huenda polepole sana. Kupandisha joto la lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja tu kunahitaji takriban uniti 1.2 za umeme, na ndiyo maana bwawa kubwa hupita mchana wa jua kali bila kubadilika sana, huku kidimbwi chenye kina cha sentimita 30 kikichemka mchana na kupoa alfajiri. Kwa samaki, mabadiliko ya ghafla ni mabaya kuliko kiwango chenyewe. Yule anayevumilia nyuzi 20 na anayevumilia nyuzi 28 anaweza kuwa ni mmoja, lakini si ndani ya saa chache.

Joto la bwawa hutoroka hasa kwa njia ya mvuke. Sufuria ya maji ikiachwa wazi jikoni hupoa mapema kuliko ile iliyofunikwa, na bwawa hufuata kanuni hiyo hiyo: kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto linalotosha kupoza lita 1,000 kwa zaidi ya nusu nyuzi. Ndiyo maana kifuniko chepesi cha plastiki kinachotandazwa usiku, kikiachiwa nafasi ya hewa kupita, huokoa umeme mwingi kuliko kununua hita yenye nguvu zaidi. Majani mapana ya yungiyungi nayo husaidia, ingawa kwa kiasi kidogo.

Anayetaka kuchagua samaki kwa uhakika anapaswa kuweka ndani ya maji kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya kiwango cha chini na cha juu, akakiacha humo kwa wiki kadhaa, zikiwemo wiki za baridi na za jua kali, kabla ya kununua samaki hata mmoja. Namba mbili atakazozipata ndizo zitakazomchagulia. Wengi hujali ile ya chini peke yake, kwa kuwa wamenunua hita. Ila katika kitalu nyumba ile ya juu huua vilevile, kwani hita haiwezi kupoza maji. Dawa yake ni kivuli juu ya paa, madirisha ya kupitisha hewa, na kina cha kutosha.

Maji moto yana hewa kidogo

Oksijeni huyeyuka kwenye maji kwa kiasi kinachopungua kadiri maji yanavyopata joto. Maji baridi yenye nyuzi 10, yakiwa yamejaa oksijeni kabisa, hubeba takriban miligramu 11.3 katika kila lita. Katika nyuzi 20 hubeba miligramu 9.1, na katika nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata joto la maji, hufanya kazi kwa kasi inayokaribia kuongezeka maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Ukiyaweka mambo hayo pamoja utaona ugumu wake: samaki aliyehamishwa kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 30 anaweza kuhitaji oksijeni karibu mara 4, ilhali maji yanayomzunguka yamepoteza theluthi moja ya oksijeni yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la koi wanaohema juu ya maji. Uangavu wa maji hausemi lolote kuhusu oksijeni iliyomo. Hali huwa mbaya zaidi alfajiri, kwa sababu mimea na mwani hutoa oksijeni mchana lakini usiku kucha huivuta kama samaki wenyewe. Bwawa lililojaa mimea linaweza kuwa na hewa tele saa 9 alasiri na kupungukiwa saa 11 alfajiri. Pampu ya hewa, au maporomoko madogo yanayovunja uso wa maji, si pambo katika bwawa lenye joto. Ni kifaa cha lazima, na pampu ya akiba ni busara zaidi kuliko samaki wa ziada.

Joto huongeza pia ukali wa amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Amonia huwa katika hali mbili ndani ya maji, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu kali, na sehemu yenye sumu hukua maji yanapopata joto na yanapokuwa na magadi. Kwa maji yenye pH 8 (pH ni kipimo cha asidi na magadi), sehemu hiyo katika nyuzi 25 ni karibu mara 3 ya ile ya nyuzi 10. Kwa hiyo idadi ya samaki iliyokaa salama katika bwawa la nje lenye baridi inaweza kuwa kubwa mno kwa bwawa la ukubwa uleule lililopashwa moto.

Nani anafaa maji gani

Koi ndiye wa kwanza kutajwa na kila mtu, basi na tuanze naye. Huyu ni samaki wa jamii ya karpi aliyezalishwa kwa rangi na wakulima wa mpunga wa eneo la Niigata, Japani, kuanzia karne ya 19, na umaarufu wake ulisambaa nchini humo baada ya kuonyeshwa jijini Tokyo mwaka 1914. Hustawi katika maji ya nyuzi 15 hadi 25, kwa hiyo si joto la wastani linalomshinda. Kinachomkataza katika vitalu nyumba vingi ni umbo lake. Koi hufikia sentimita 60 na zaidi, huishi miongo kadhaa, hufukua matope na kung'oa mimea, na akiwa ndani ya maji yasiyopoa mwaka mzima hakui kwa msimu bali hukua bila kupumzika. Anahitaji bwawa la lita 4,000 kwa uchache, lenye kina kinachozidi mita moja, na kichujio kikubwa. Mwenye nafasi hiyo amkaribishe kwa moyo mkunjufu, kwani hakuna samaki mwingine wa maji matamu anayependeza zaidi kutazamwa kutoka juu. Asiye nayo amwache, hata kama kile kifaranga cha sentimita 8 kinaonekana hakina madhara.

Katika mjadala huu hurudi dai kwamba samaki hukua kwa kadiri ya bwawa lake. Si kweli. Samaki mkubwa akiwekwa mahali padogo hudumaa kwa sababu taka zinamzidi na maji yanaharibika. Kudumaa huko ni ugonjwa wa muda mrefu unaomfupishia maisha, na hakupaswi kuhesabiwa kuwa namna ya kujirekebisha kulingana na mazingira.

Samaki wa dhahabu ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiye chaguo linalopuuzwa isivyostahili. Asili yake ni China, ambako ufugaji wake ulistawi wakati wa utawala wa Song, kati ya mwaka 960 na 1279. Wengi humfahamu yule mwembamba wa rangi ya chungwa, anayevumilia hata maji yenye barafu juu yake na asiyehitaji kitalu nyumba hata kidogo. Lakini wapo wale wa mviringo, wenye mikia miwili inayoning'inia: oranda mwenye uvimbe laini kichwani, ryukin mwenye kibyongo, na ranchu asiye na pezi la mgongoni. Hawa hudhoofika katika baridi kali, huogelea taratibu na huliwa kwa urahisi na ndege wa majini. Kwa ufupi, hawafai bwawa la nje, na tangi la kioo la nyumbani huwabana. Bwawa la kitalu nyumba linaloshikilia nyuzi 18 hadi 23 linawafaa kabisa. Wasichanganywe tu na samaki wepesi, kwa sababu watakuwa wa mwisho kufika kwenye chakula kila siku.

Maji ya nyuzi 18 hadi 22 yana wakazi wengine wasiojulikana sana. Tanichthys albonubes, samaki mdogo wa milima ya karibu na Guangzhou aliyeelezwa kisayansi mwaka 1932, ana aina ya dhahabu inayoonekana vizuri ikiwa kundini. Pethia conchonius wa Bara Hindi ana dume ambaye hugeuka mwekundu kama shaba wakati wa kuzaliana. Samaki wa paradiso, Macropodus opercularis, aliyefika Ufaransa kutoka Asia mwaka 1869 na kuwa miongoni mwa samaki wa mapambo wa mwanzo kabisa huko Ulaya, ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Hewa yenye unyevu na uvuguvugu ya kitalu nyumba humfaa kweli. Ila madume wawili wa paradiso katika kidimbwi kimoja watapigana.

Kuanzia nyuzi 23 hadi 27 uwanja unapanuka. Hapa ndipo walipo wale wanaozaa watoto hai badala ya kutaga mayai: mkia-upanga, plati, moli na gapi. Wanapenda maji yenye chumvichumvi za madini na magadi kidogo, hali inayopatikana kirahisi katika bwawa la saruji, na hula viluwiluwi vya mbu kwa bidii. Hapa pia wapo mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye manjano na buluu kali, pamoja na perege wekundu, ambao ni machotara wa rangi ya chungwa wanaokua wakubwa na kuchimba viota kwenye tope. Perege hao ndio wanaokaribia kuwa mbadala wa koi kwa maji ya moto, mradi mwenye bwawa asiwe na mimea anayoipenda.

Kuwachanganya samaki wa dhahabu na hawa wa tropiki katika nyuzi 23, kwa hoja kwamba kila mmoja anaweza kuvumilia, ni kuwaweka wote ukingoni mwa uwezo wao. Mmoja anaishi na joto lililomzidi, mwingine na joto lililompungukia, na maradhi huanza kwa aliyechoka.

Bwawa hutazamwa kutoka juu

Samaki wengi wa porini wana mgongo mweusi au wa kijani kibichi iliyofifia, na tumbo jeupe au la fedha. Ndege anayetazama kutoka juu huona giza la kina cha maji, na samaki mwindaji anayetazama kutoka chini huona mwanga wa anga. Rangi za kujionyesha kwa jike au kwa mpinzani ziko ubavuni, mahali ambapo samaki mwenzake ataziona. Duka la samaki hutuweka mahali pa yule samaki mwenzake, kwa sababu tunatazama kupitia kioo cha pembeni. Bwawa hutuweka mahali pa ndege.

Mfano ulio wazi ni neoni tetra wa Amazoni. Mstari wake wa buluu hautokani na rangi iliyopakwa ndani ya ngozi. Unatokana na fuwele nyembamba zilizopangwa ndani ya seli, zinazoakisi mwanga kulingana na pembe ya kutazamia. Kutoka pembeni unawaka. Ukiwa umesimama kando ya bwawa ukitazama chini, utaona samaki mdogo mweusi na, akigeuka kidogo, cheche moja ya buluu inayopotea mara moja. Gapi dume naye amebeba fahari yake yote kwenye mkia uliosimama wima, kwa hiyo kutoka juu mkia huo huonekana kama ukingo mwembamba tu. Samaki wa upinde wa mvua wa Papua, ambao ni wazuri ajabu ndani ya kioo, wana miili iliyobanwa pembeni na migongo ya kijani iliyofifia. Diskasi amebanwa hivyo hivyo, tena anadai nyuzi 28 na zaidi, na kumweka kwenye bwawa ni kupoteza uzuri wake na fedha za umeme kwa pamoja. Isipokuwa bwawa lina dirisha la kioo ubavuni, hawa wote wanafaa mahali pengine.

Wanaoshinda ni wale ambao rangi imewafunika mwili mzima, kutoka tumboni hadi mgongoni. Wengi wao ni matokeo ya uzalishaji wa muda mrefu. Mkia-upanga mwekundu ni mwekundu hata juu ya kichwa. Plati wa rangi ya chungwa na moli wa manjano huonekana kwa umbali wa mita kadhaa. Miongoni mwa mbuna, yule wa manjano, Labidochromis caeruleus, huonekana kama ndimu inayotembea ikiwa na mstari mweusi wa pezi katikati ya mgongo. Wengine wengi wa jamii yake huishia kuonekana wa buluu iliyokolea isiyotofautiana na maji. Ranchu na koi walizalishwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutazamwa kutoka juu, na hilo hudhihirika unapomkaribia koi wa aina ya Kohaku. Mwili wake ni mweupe. Bato jekundu huanzia kichwani bila kufunika macho wala pua, hufuata uti wa mgongo kwa madoa yenye kingo zilizokatika vizuri, kisha hukoma kabla ya mkia na kuacha kipande cheupe. Waamuzi wa maonyesho huweka samaki kwenye beseni na kuinama juu yake. Ubavu hauamui sana.

Mnunuzi anaweza kufanya hivyohivyo. Mwombe muuzaji amweke samaki kwenye beseni la rangi nyeusi au buluu, lenye maji ya kiasi cha sentimita 20, umtazame kutoka juu kwa dakika moja bila kuinama pembeni. Samaki wengi waliokuvutia kwenye kioo watakuwa wamekwisha kujichuja wenyewe.

Sakafu ya bwawa nayo ina kauli. Samaki hubadili kiasi cha weusi unaoonekana kwenye ngozi yake kulingana na mahali alipo, na juu ya sakafu nyeupe au ya buluu hafifu hupauka. Sakafu nyeusi humfanya akolee, na wakati huohuo humtenganisha na mandhari. Nyekundu, chungwa, manjano na nyeupe huonekana vizuri juu ya nyeusi. Samaki weusi na wa buluu hutoweka humo. Na maji yakigeuka kijani kwa sababu ya mwani, jambo la kawaida chini ya paa la kioo, hakuna rangi itakayoonekana. Mimea inayoelea, ikifunika karibu nusu ya uso wa maji, huunyima mwani mwanga na virutubisho, nayo huwapa samaki kivuli cha kujificha.

Rangi hutoka wapi

Nyekundu na manjano ya samaki hutegemea viini viitwavyo karotenoidi, ambavyo mwili wa samaki hauwezi kuvitengeneza kuanzia mwanzo. Ni lazima avile, kutoka kwenye mwani, wadudu wa majini, kamba wadogo au chakula kilichoongezwa viini hivyo. Kwa hiyo chakula cha kukoleza rangi si ulaghai. Samaki mwekundu anayekosa karotenoidi hufifia. Lakini chakula hicho hakiwezi kumpa samaki rangi ambayo hakurithi. Hakimgeuzi mweupe kuwa mwekundu mwenye mabato yaliyopangika, na hakimletei mtu buluu, kwa kuwa buluu ya samaki wengi ni kazi ya zile fuwele zinazoakisi mwanga. Tena, kikizidishwa kwa koi mweupe, ule weupe huanza kuwa na umanjano.

Kuna jambo lingine linalowashtua wanaoanza. Vifaranga vya samaki wa dhahabu huzaliwa na rangi ya shaba iliyofifia na hubadilika baada ya miezi, na wengine hawabadiliki kamwe. Anayetaka rangi ya uhakika anunue samaki aliyekwisha kubadilika.

Ipo pia rangi ya kutia uchungu. Parambassis ranga, samaki mdogo wa Asia ambaye mwili wake ni angavu kiasi cha mifupa kuonekana, amekuwa akiuzwa akiwa na mistari ya waridi, kijani au buluu iliyodungwa kwa sindano chini ya ngozi. Rangi hiyo hupotea baada ya muda, na jeraha hufungua njia ya maambukizi. Ukiona samaki wa jamii moja, wa ukubwa mmoja, wenye rangi za pipi ambazo hukuwahi kuziona kwa samaki yeyote, uliza zimetoka wapi, na jibu likikosekana usinunue. Wala wasichanganywe na wale waliobadilishwa vinasaba ili wang'ae, walioanza kuuzwa Marekani mwaka 2003. Hao huzaliwa na rangi yao na hurithisha, ingawa biashara yao imekatazwa katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Hatari zilizomo ndani ya jengo lenyewe

Kitalu nyumba ni mahali pa mimea, na mimea hupigwa dawa. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi, zinazosifiwa kwa kutowadhuru sana watu, ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno, na ndani ya jengo lililofungwa ukungu wa dawa hauna pa kwenda isipokuwa kutua kwenye maji. Dawa za ukungu zenye shaba ni hatari vilevile. Anayefuga samaki humo aache kabisa kupuliza dawa hizo, atumie wadudu walinzi (wale wanaokula wadudu waharibifu), sabuni inayopanguswa jani kwa jani mbali na bwawa, au mkono wake. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mabomba ya shaba na mabati ya zinki yasielekezwe bwawani. Saruji mpya ioshwe na kulowekwa mara kadhaa, kwa sababu chokaa yake hupandisha pH hadi kiwango kisichovumilika.

Hatari nyingine hubebwa na samaki wapya. Virusi vya hepesi vya koi, vilivyotambuliwa kufuatia milipuko ya mwaka 1998 huko Israeli na Marekani, hushambulia koi na karpi na vinaweza kuua sehemu kubwa ya kundi kwa muda mfupi. Ugonjwa hujitokeza hasa maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28, ambacho ndicho kiwango cha kitalu nyumba, kwa hiyo koi aliyeonekana mzima kwenye maji baridi ya muuzaji anaweza kuugua mara tu anapopashwa moto. Karantini ya wiki kadhaa katika chombo cha pembeni, joto likiwa ndani ya kiwango hicho, ndiyo kinga ya kweli. Karantini ya maji baridi haionyeshi kitu.

Na wingi wa vizazi usichukuliwe kwa wepesi. Jike wa gapi huzaa kila baada ya wiki 4 hivi na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo kumtenga na madume hakumzuii kuendelea kuzaa. Anayewapenda samaki hawa lakini hana pa kupeleka vifaranga anunue madume peke yake. Kuwamwaga mtoni si njia ya kutokea, hata katika nchi ya baridi ambako mtu angedhani watakufa tu. Katika chemchemi za moto za Banff, nchini Kanada, samaki wa tropiki waliotupwa na watu walistawi ndani ya maji ya uvuguvugu katikati ya theluji, na samaki mdogo wa asili aliyepatikana hapo peke yake duniani akatoweka katika miaka ya 1980.

Bwawa likishajazwa na hita kufungwa, bado halijawa tayari. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na makali, huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kujenga makazi ndani ya kichujio, na joto huwaharakisha kidogo. Anza na samaki wachache wagumu, plati kwa maji ya moto au samaki wa dhahabu wawili kwa maji ya wastani, uwalishe kidogo na upime maji kila baada ya siku mbili. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa wiki mbili mfululizo, ongeza kundi dogo, kisha subiri tena. Samaki wanaomiliki eneo, kama mbuna na dume wa paradiso, huingizwa mwisho, wenzao wakiwa wameshayajua maficho yao.